Senta wa dola milioni 26: uchambuzi wa kisa cha dili moja la kubadilishana wachezaji

Kisa hiki kinahusu timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, iliyoletewa ofa ya senta (mchezaji mrefu anayecheza karibu na ringi) siku chache kabla ya dirisha la Februari la kubadilishana wachezaji kufungwa. Majina ya timu na wachezaji yameondolewa. Mishahara yote tumeihamishia kwenye vipimo vya msimu wa 2024-25, ili hesabu isomeke na wahusika wasitambulike. Vipimo vyenyewe vya msimu huo: kikomo cha mishahara dola milioni 140.588, mstari wa kodi ya anasa milioni 170.814, aproni ya kwanza milioni 178.132, aproni ya pili milioni 188.931. Timu ikivuka mstari wa kodi hulipa kodi; aproni ni mistari miwili ya juu zaidi, ambayo timu ikiivuka hubanwa katika kubadilishana na kusajili wachezaji. Msomaji aweke namba hizo karibu, maana zinarudi mara kwa mara.

Hali ya timu

Timu A ilikuwa katikati ya jedwali la kanda yake. Ilikuwa na Nyota, gadi anayeishi kwa kupenya hadi kwenye ringi. Pembeni yake alikuwepo winga mzuri, kisha Fowadi wa miaka 27 anayelipwa milioni 14.2, anayepiga pointi tatu vizuri na kulazimika kucheza kama senta kwa dakika nyingi kuliko mwili wake unavyoruhusu. Benchi lilikuwa na watu watatu wanaotuhusu: Gadi wa akiba wa milioni 6.4 ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha kiangazi hicho. Mdunguaji wa milioni 5.1, mtu wa dakika 18 ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kona na kufunga tatu; na Senta Kijana wa milioni 3.4, mwaka wa pili tangu aingie kwa drafti (mgao wa kila mwaka wa wachezaji wapya), miguu myepesi, makosa mengi.

Jumla ya mishahara ilikuwa milioni 174.6. Hiyo ni milioni 3.8 juu ya mstari wa kodi na milioni 3.5 tu chini ya aproni ya kwanza. Chaguo lao la raundi ya kwanza, yaani haki ya kumchukua mchezaji mpya, la drafti iliyokuwa inafuata lilikuwa limeshauzwa katika dili la nyuma.

Tatizo la uwanjani halikuwa siri. Wapinzani walikuwa wakifika kwenye ringi wanavyotaka, na mpira ulioruka ulikuwa wao mara nyingi mno. Makocha walikuwa wanaomba senta mkubwa tangu Novemba.

Ofa kama ilivyofika

Siku kumi kabla ya dirisha kufungwa, Timu B, iliyokuwa inajenga upya kikosi, ilimtoa Senta wake wa miaka 29. Mshahara wake ulikuwa milioni 24.0 msimu huo, 25.0 uliofuata na 26.0 wa mwisho, yote yakiwa na dhamana kamili. Walitaka Fowadi, Gadi na Senta Kijana. Juu yake waliomba chaguo la raundi ya kwanza la mwaka wa pili bila kinga yoyote (yaani linakwenda liangukie namba yoyote), na haki ya kubadilishana machaguo mwaka mmoja baadaye.

Kwenye karatasi, 14.2 na 6.4 na 3.4 zinatoa 24.0 kamili. Senta anaingia kwa 24.0. Mezani pale ilionekana dili lililopimwa kwa mizani, na kwa siku nzima ya kwanza mjadala ulikuwa juu ya ubora wa Senta peke yake.

Siku ya pili: karatasi inasomwa upya

Mtu wa mikataba aligundua mambo mawili, na yote mawili yalikuwepo kwenye nyaraka tangu mwanzo.

La kwanza ni bonasi ya uhamisho. Mkataba wa Senta ulikuwa na kipengele cha asilimia 10 (sheria za ligi zinaruhusu hadi 15). Bonasi hii hupigwa kwenye fedha ambazo mchezaji bado hajazipata siku anayohamishwa, kisha hugawanywa sawa kwenye misimu iliyobaki yenye dhamana. Zikiwa zimebaki siku 70 kati ya 174 za msimu wa kawaida, hesabu ni hii: 24.0 mara 70 gawa kwa 174 ni 9.66, ongeza 25.0 na 26.0, unapata 60.66, asilimia 10 yake ni 6.07, igawe kwa misimu mitatu, ni milioni 2.02 kila msimu. Anayelipa fedha hizo ni timu inayomtoa. Lakini kwenye vitabu vya mishahara zinamfuata mchezaji kwenye timu inayompokea. Kwa hiyo Senta hakuwa wa 24.0. Alikuwa wa 26.02 msimu huo, 27.02 uliofuata, 28.02 wa mwisho.

Kwa timu iliyo mbali na aproni, milioni mbili si kitu. Kwa timu hii zilibadilisha aina ya dili. Timu ikipokea mshahara mkubwa kuliko inaoutoa, hufungiwa chini ya aproni ya kwanza kwa msimu mzima uliobaki: haiwezi kuuvuka mstari ule hata kwa dola moja. Mishahara ingekuwa 176.62, nafasi iliyobaki milioni 1.51. Na kwa kuwa wanatoka watatu anaingia mmoja, kikosi cha 15 kingebaki na 13. Ligi inataka angalau 14 na inatoa wiki mbili za kujaza. Mchezaji wa kima cha chini aliingia vitabuni kwa takriban milioni 2.09 kwa msimu mzima, yaani kama 0.84 kwa siku 70. Mmoja angetosha. Wa pili asingetosha hadi zipite wiki mbili hivi, kwa sababu bei ya mchezaji wa aina hiyo hushuka kila siku inayopita. Timu inayolilia urefu ingecheza nusu ya Februari na watu 14, ikiomba asiumie mtu.

La pili ni sheria ya machaguo. Timu haiwezi kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. La mwaka wa kwanza lilikuwa limeshakwenda. La mwaka wa pili, ambalo Timu B iliomba, halikuwa halali kulitoa. Ofa ile isingepita hata kwenye simu ya ligi ya kuthibitisha dili. Haki ya kubadilishana ni jambo jingine: ukibadilishana bado unabaki na chaguo, hata liwe baya, kwa hiyo sheria haikugusi.

Ugunduzi huo haukuua dili. Uliipa Timu A sababu ya kufungua upya bei yote, na wakaitumia vizuri.

Siku ya tatu na ya nne: Senta anatazamwa

Idara ya video ilivuta mashambulizi ya skrini kwenye mpira (mchezaji anasimama kumzuia mlinzi wa mwenye mpira) ambayo Senta alikuwa mlinzi wa mwekaji, ikayapanga kwa aina ya ulinzi: anaposhuka na kusubiri karibu na ringi, anapopanda kumkata mwenye mpira, na anapobadilishana mtu na gadi wake. Kupanga hivi ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayosema ukweli. Wastani wa msimu unachanganya kila kitu kwenye sufuria moja.

Akishuka, Senta alikuwa mlinzi wa daraja la juu. Alifika mapema, alinyanyua mikono bila kuruka ovyo, na wapinzani waliokuwa wamepata njia waligeuka na kutoa mpira nje. Akibadilishana, aliachwa. Kati ya magadi wepesi hakuna aliyemhofia nje ya mstari wa tatu.

Mchambuzi wa takwimu aliongeza onyo moja ambalo tunaliunga mkono kabisa. Timu B ilipokea pointi chache zaidi Senta akiwa uwanjani, lakini sehemu ya tofauti hiyo ilitoka kwenye asilimia ya pointi tatu za wapinzani. Senta anayeshuka hana udhibiti mkubwa wa tatu zinazopigwa mita saba kutoka kwake. Namba hiyo hupanda na kushuka kwa bahati. Alichokuwa anakidhibiti ni vitu viwili: mara ngapi wapinzani walipiga kutoka kwenye ringi, na walifunga kiasi gani walipofika. Vyote viwili vilikuwa vizuri. Pia alikumbusha kwamba anayemwingilia Senta kwenye benchi la Timu B alikuwa dhaifu sana, na tofauti ya "akiwepo na asipokuwepo" hupima pia udhaifu wa anayekaa nafasi yake.

Upande wa kushambulia ulitazamwa kwa nusu siku tu. Iliandikwa kwamba ni mwekaji skrini mzuri, mkusanyaji wa rebaundi za kushambulia, hana mtupo wa mbali, mitupo huru chini ya asilimia 60. Mstari wa mwisho wa ripoti ulisema: "atahitaji wapigaji wanne kumzunguka." Mstari huo ulikuwa sahihi na haukusomwa tena.

Afya

Msimu uliotangulia Senta alikosa mechi 17 kwa maumivu ya utando wa chini ya wayo. Kwa mtu mrefu mwenye uzito mkubwa, mguu ndio wa kwanza kuulizwa. Historia ya ligi imejaa masenta waliopotezwa na mifupa midogo ya wayo. Yao Ming ni mfano ambao kila daktari wa timu anaujua.

Daktari wa Timu A aliomba picha za mguu, kumbukumbu za mzigo wa mazoezi, na orodha ya mechi za siku mbili mfululizo alizocheza na alizopumzishwa. Kipengele cha tatu ndicho kilichomsaidia zaidi. Mchezaji anaweza kuonekana mzima kwenye orodha ya majeruhi huku timu yake ikimficha usiku wa pili kila mara.

Kila dili la namna hii husimama kwa sharti la kufaulu vipimo, na sharti hilo si mapambo. Februari 2009 Oklahoma City Thunder walimrudisha Tyson Chandler kwa ajili ya kidole cha mguu. Februari 2025 Los Angeles Lakers waliacha dili la Mark Williams na Charlotte Hornets baada ya vipimo. Kote huko dili lilikuwa limeshatangazwa. Anayekataa kununua mbuzi kwenye gunia ana haki hiyo, mradi ajue mapema kwamba akimrudisha mchezaji, dirisha linaweza kuwa limefungwa na wale aliotaka kuwatoa watarudi chumba cha kubadilishia nguo wakijua waliuzwa.

Senta alifaulu, pamoja na pendekezo asizidi dakika 30 kwa mechi.

Siku ya tano hadi ya nane: ofa ya kujibu

Timu A ilikataa ofa ya kwanza na kurudisha nyingine. Sababu zao ziliandikwa, na tunazipanga kama zilivyokuwa.

Senta Kijana abaki. Hoja ilikuwa kwamba kumtoa senta wa miaka 21 ili kumpata wa miaka 29 kunajaza tundu kwa kulichimba pembeni: mkubwa akikaa nje, hakuna wa pili. Tena mshahara wa mkataba wa drafti ni mdogo kwa miaka miwili zaidi kama timu itatumia haki yake ya kuuendeleza, na kwa timu iliyo karibu na aproni mtu wa dakika 15 kwa milioni 3.4 ni nadra.

Chaguo liwe la mwaka wa tatu, lenye kinga ya 1 hadi 4 (likiangukia namba hizo, Timu A inabaki nalo), na haki ya kubadilishana iondolewe. Hapa kulikuwa na mabishano mazuri ndani ya ofisi. Timu B ilikubali kinga lakini ikataka chaguo lisipopita (yaani lisipokwenda kwao) mwaka wa tatu lisogee hadi wa nne. Meneja msaidizi alikataa, na alikuwa sahihi kwa sababu ambayo wengi huisahau. Sheria ya miaka miwili mfululizo hutazama uwezekano, haisubiri matokeo. Mwaka wa kwanza umekwenda. Wa pili umefungwa kwa sababu unagusana na wa kwanza na wa tatu. Chaguo likiweza kupita mwaka wa tatu au wa nne, basi wa tano nao unafungwa. Chaguo moja lingeifungia timu mlango wa machaguo kwa miaka mitano. Walikubaliana kwamba lisipopita, ligeuke machaguo mawili ya raundi ya pili. Mwaka wa tano ukabaki huru.

Kuhusu kinga yenyewe, somo lililowekwa mezani lilikuwa la Chicago Bulls. Machi 2021 walimchukua Nikola Vučević kutoka Orlando Magic, wakatoa Wendell Carter Jr., Otto Porter na machaguo mawili ya raundi ya kwanza. La 2021 lilikuwa na kinga ya 1 hadi 4. Bulls walimaliza msimu kwa ushindi 31 na vipigo 41, wakakosa mtoano, chaguo likaangukia namba 8 na kwenda Orlando, waliomchagua Franz Wagner. Kinga ya 1 hadi 4 inakulinda na msiba mkubwa kabisa. Haikulindi na msimu mbaya wa kawaida, ambao ndio unaotokea zaidi.

Sasa likabaki swali la mshahara. Bila Senta Kijana, Timu A ilikuwa inatoa 20.6 na kupokea 26.02. Mishahara ingefika 180.0, juu ya aproni. Dili haramu. Ili kurudi chini ya aproni na kubaki na nafasi ya wachezaji wawili wa kima cha chini, ilihitajika angalau milioni 3.6 nyingine itoke kwa maana ya hesabu, na karatasi ilikuwa na jina moja linaloingia vizuri: Mdunguaji, 5.1. Akiwekwa yeye, kinachotoka ni 25.7, kinachoingia 26.02, mishahara inapanda kwa 0.32 tu hadi 174.92. Wachezaji wawili wa kima cha chini wanaingia mara moja, jumla 176.6, na bado inabaki nafasi ya milioni 1.5 chini ya aproni. Kodi ingepanda kutoka karibu milioni 5.7 hadi 8.8, mwenye timu alikuwa amekubali.

Mtu wa mikataba aliituma hesabu hii saa nne usiku. Ilikuwa safi. Hakuna aliyeirudisha kwenye ripoti ya video.

Uamuzi

Siku ya tisa dili lilifungwa: Fowadi, Gadi, Mdunguaji na chaguo la mwaka wa tatu lenye kinga, kwa Senta. Lililokuwa mezani kama mbadala ni dili dogo: Gadi na machaguo ya raundi ya pili kwa senta mkongwe wa milioni 8.8 kutoka timu ya tatu. Kimahesabu liliwezekana, kwa kuwa timu iliyo chini ya aproni ikitoa mshahara mdogo kama 6.4 inaruhusiwa kupokea hadi mara mbili yake na zaidi kidogo, na tofauti ya 2.4 ilitosha kwenye nafasi ya 3.5. Lilikataliwa kwa sentensi moja: "hatubadiliki." Hakuna aliyepima dakika zake wala ulinzi wake kwa namna Senta alivyopimwa.

Matokeo

Mechi 31 zilizobaki za msimu wa kawaida zilikwenda kama ulinzi ulivyoahidi. Mitupo ya wapinzani kwenye ringi ilipungua waziwazi, rebaundi za kujilinda zilirudi nyumbani. Timu ilipanda nafasi mbili. Lakini kikosi cha kuanzia kilipoteza karibu pointi 5 kwa kila mashambulizi 100 upande wa kufunga, na zilipotea sehemu moja: kupenya kwa Nyota.

Shambulizi moja la raundi ya kwanza ya mtoano linaonyesha kisa chote. Nyota ana mpira juu, upande wa kulia. Winga yuko kona ya kulia. Kona ya kushoto, mahali pa Mdunguaji, amesimama mchezaji wa kima cha chini ambaye mlinzi wake yuko hatua tatu ndani, mgongo umemgeukia. Senta amesimama kwenye mstari wa mwisho, pembeni ya eneo la rangi lililo mbele ya ringi, akisubiri pasi ya juu. Mlinzi wa Senta, senta wa wapinzani, ana mguu mmoja ndani ya eneo la rangi na mkono mmoja kwenye kiuno cha Senta. Sheria ya sekunde tatu za ulinzi inamkataza kukaa mle bila kumlinda mtu kwa karibu. Mkono ule kiunoni ndio leseni yake. Yuko na mtu wake, na papo hapo yuko chini ya ringi. Nyota anapenya, anamkuta mtu wa futi saba amesimama tayari, anapiga pasi kona ya kushoto, mtupo unagonga chuma. Mara nne katika robo ile ile.

Upande wa pili wa uwanja, senta huyo huyo wa wapinzani alikuwa anapiga tatu. Senta alilazimika kutoka nje, na ulinzi wa ringi alionunuliwa kwa ajili yake ukatoka naye. Kufikia mechi ya tano dakika zake zilishuka kutoka 29 hadi 19, na dakika za mwisho alimaliza Senta Kijana, anayeweza kubadilishana mtu na kukimbia. Timu ilitolewa katika mechi ya sita.

Kiangazi kikaleta sehemu ya pili ya bei. Msimu wa 2025-26 aproni ya kwanza ilikuwa milioni 195.945. Kabla ya dili, makadirio ya timu yalikuwa milioni 189 kwa wachezaji 13. Ondoa Fowadi (15.2) na Mdunguaji (5.3), ingiza Senta kwa 27.02: 195.52 kwa wachezaji 12. Nafasi ya milioni 0.4 haitoshi hata mchezaji mmoja wa kima cha chini, na wanahitajika angalau wawili. Timu ilivuka aproni ya kwanza kwa kujaza viti tu. Juu ya mstari ule huwezi kupokea mshahara unaozidi unaoutoa, wala kumsajili katikati ya msimu mchezaji aliyeachiwa mkataba wake ikiwa mshahara wake wa awali ulizidi kiwango cha kati cha usajili kinachowekwa na ligi (mid-level). Wapigaji waliokuwa wanatafutwa kuziba pengo la Mdunguaji walipatikana sehemu hizo hizo mbili ambazo timu ilikuwa imejifungia.

Kilichofanya kazi

Kusoma mkataba kabla ya kumjadili mchezaji kuliokoa dili. Bonasi ya uhamisho ikigunduliwa saa moja kabla ya dirisha kufungwa, njia pekee inayobaki ni kumwomba mchezaji aiachie sehemu ili dili lihalalike, na mtu anayeombwa fedha zake saa hiyo ana haki ya kusema hapana.

Kukataa chaguo linalosogea mwaka hadi mwaka ilikuwa kazi bora kuliko zote katika faili hili. Na kumbakisha Senta Kijana kulithibitika mapema kuliko yeyote alivyotarajia, ingawa sababu iliyoandikwa (akiba mkubwa akiumia) haikuwa sababu iliyomweka uwanjani mwisho wa mechi.

Video ilimsoma Senta kwa usahihi. Kila alichofanya baada ya kuhamia kilikuwa kwenye ripoti ya siku ya nne. Hakuna aliyedanganywa kuhusu mchezaji, na ndiyo maana kisa hiki kinauma.

Kilichoharibika

Kosa kubwa lilitokea saa nne usiku ule. Mdunguaji aliingia kwenye dili kama tarakimu. Alikuwa 5.1 inayofaa, mtu wa dakika 18 ambaye hakuna shabiki angelalamika. Lakini ripoti ilikuwa imesema Senta anahitaji wapigaji wanne, na Fowadi alikuwa ameshaondoka. Kumtoa Mdunguaji kulimaanisha kwamba wapigaji wanne hao hawapo tena kwenye kikosi. Mtu wa mikataba hakusoma video, mtu wa video hakuona orodha ya mwisho, na meneja mkuu aliona vyote viwili kwa siku tofauti.

Dawa yake ni ya karatasi moja. Kabla ya kujibu ofa, andika watano utakaowaweka dakika tano za mwisho za mechi ya mtoano, kisha watano watakaoanza robo ya pili. Kila jina linaloingia au kutoka kwenye dili, orodha mbili hizo ziandikwe upya mbele ya wote. Timu A ingefanya hivyo usiku ule, ingeona kona ya kushoto iko wazi. Wangeweza kumtafuta mtu mwingine wa milioni 3.6 au zaidi, hata kumwingiza mchezaji wa tatu kutoka timu nyingine, au kumwomba Senta apunguze bonasi wakati bado kuna siku mbili.

Kosa la pili: wapinzani wanaotarajiwa hawakuhesabiwa. Timu sita za juu za kanda zilijulikana Februari. Kuuliza ni ngapi kati yake zina senta anayepiga tatu ni kazi ya dakika kumi. Jibu lilikuwa nne. Senta anayeshuka kusubiri chini ni dhahabu kwa mechi 82 dhidi ya kila aina ya timu. Kwa mechi saba dhidi ya timu moja thamani yake inategemea timu hiyo ni ipi. Minnesota Timberwolves walitoa wachezaji watano na machaguo manne ya raundi ya kwanza, pamoja na haki ya kubadilishana moja, ili kumpata Rudy Gobert mwaka 2022. Wengi waliwacheka. Walifika fainali ya kanda 2024 na tena 2025. Tofauti moja ambayo Timu A haikuiona ni kwamba kule kulikuwa na mrefu wa pili anayepiga tatu pembeni yake, kwanza Karl-Anthony Towns, na Naz Reid akitokea benchi. Timu A ilimnunua Senta kwa kumtoa Fowadi, yaani ilimlipia kwa mtu aliyemhitaji.

Kosa la tatu ni la kocha na lilirekebishika. Senta aliwekwa kwenye mstari wa mwisho katika mashambulizi mengi ambayo Nyota alipenya bila skrini. Pale ndipo mlinzi wake anapopata leseni ya kukaa ndani. Mahali pake ni juu, akiweka skrini kwenye mpira, ili mlinzi wake alazimike kutoka na Nyota aamue akiwa na ringi tupu mbele. Au kwenye kiwiko, yaani pembe ya juu, cha eneo la rangi, akipokea na kurudisha mpira kwa mkono. Msimu uliofuata walibadilisha hivyo. Kupenya kwa Nyota kulifunguka tena kwa sehemu, hasa dakika ambazo wapigaji watatu walikuwepo. Wa nne bado wanamtafuta.